Je, sindano za seli shina zitaziba pengo la taya la mwanangu?

Mama mmoja mkazi wa Bombo ameniandikia kuhusu mwanawe mwenye umri wa miaka 22. Miaka miwili iliyopita kijana huyo aliondolewa uvimbe wa taya uitwao ameloblastoma pamoja na kipande cha taya la chini upande wa kushoto, chenye urefu wa takriban sentimita 6, na madaktari wakaziunganisha ncha mbili zilizobaki kwa pleti ya chuma. Shavu limebonyea, upande huo hautafuni, na tangu wakati huo kijana hakubali kupigwa picha. Sasa kliniki moja ya Kampala imemwambia mama huyu kwamba sindano tatu za seli shina zitaotesha mfupa mpya bila kisu, kwa shilingi milioni 18, pamoja na vidonge vya kumeza vinavyouzwa kwa jina hilohilo. Anauliza kama jambo hilo ni kweli, kama auze kiwanja chake ili apate fedha hizo, na kama meno ya utotoni ya mjukuu wake, ambayo ameyahifadhi ndani ya kikopo kwa sababu alisikia kwamba yana seli shina, yanaweza kumsaidia mjomba wa mtoto huyo.

Mama, pole kwa miaka hii miwili. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: usiuze kiwanja, na usimpeleke kijana akachomwe sindano hizo. Seli shina ni jambo la kweli, na wapo wataalamu wa kuheshimika wanaozifanyia kazi kwa ajili ya mfupa wa taya hasa, lakini ulichoelezwa hapo kliniki hakifanani na kazi yao hata kidogo. Pengo la kijana wako linaweza kujengwa, na mfupa wa kulijengea anao mwenyewe, nyongani au mguuni. Sehemu kubwa ya jibu langu itaeleza kwa nini nasema hivyo, maana sitaki uache neno la mtu mmoja kwa kuambiwa tu na kushika neno la mwingine kwa kuambiwa tu.

Wengi wetu tunaujua mfupa wa kwenye sahani, mweupe na mkavu, kwa hiyo tunaufikiria kama jiwe lililo ndani ya mwili. Mfupa ulio mwilini ni kitu hai chenye damu nyingi. Ninapojenga taya, kabla ya kuweka mfupa mpya juu ya ule wa zamani, hutoboa vitundu kadhaa kwenye mfupa wa zamani kwa ncha nyembamba ya dirili, kisha hutua mkono na kutazama. Baada ya sekunde chache kila kitundu hutoa tone la damu iliyokolea, na matone hayo hujipanga mstari kama shanga. Kitundu kinachobaki kikavu hunitia wasiwasi, kwa sababu hapo mfupa umekufa au umechoka, na chochote nitakachoweka juu yake hakitashika. Wakati mwingine hulazimika kuendelea kupunguza ncha ya taya mpaka nifike penye damu, hata kama pengo litaongezeka urefu. Ukikumbuka picha hiyo ya matone, utaelewa karibu kila kitu nitakachosema kuhusu seli shina.

Ndani ya mfupa kuna seli zinazomega na seli zinazojenga, na zote hufanya kazi usiku na mchana, hata kwa mtu mzima ambaye hajavunjika popote. Seli zinazojenga hazidumu milele. Nyuma yake zipo seli mama, ambazo bado hazijaamua ziwe nini, nazo ndizo zinazozaa wajenzi wapya pale mfupa unapojeruhiwa. Hizo ndizo seli shina za mfupa. Alexander Friedenstein na wenzake huko Moscow walizionyesha ndani ya uboho katika miaka ya 1960 na 1970, na baadaye zikapatikana kwenye mafuta ya chini ya ngozi, kwenye utando unaoufunika mfupa, mwaka 2000 kwenye nyama laini iliyo ndani ya jino la mtu mzima, na mwaka 2003 kwenye meno ya utotoni. Kwa hiyo habari uliyoisikia kuhusu meno ya mjukuu haikutoka hewani, na nitairudia.

Ule utando unaoufunika mfupa unastahili maneno mawili zaidi, kwa sababu ndiyo seli shina tuliyopewa bure. Kwa watoto, pale uvimbe unapoondolewa na utando huo ukabaki mzima, imeshuhudiwa zaidi ya mara moja kwamba taya huota lenyewe kwa sehemu, bila mtu kupandikiza kitu. Kwa kijana wa miaka 22, na baada ya miaka miwili ya pengo lililojaa kovu, jambo hilo halitarajiwi tena. Nalitaja ili usije ukasikia kisa cha mtoto aliyeota taya ukadhani kijana wako amecheleweshwa na mtu.

Seli hizi ni chache mno. Katika uboho wa mtu mzima, ukihesabu seli 10,000 unaweza kupata seli shina moja ya aina hii, na mara nyingi lazima uhesabu mpaka 100,000. Ndiyo maana mtaalamu anayetaka kuzitumia kwa wingi hawezi kuvuta uboho asubuhi na kuurudisha shavuni mchana kisha akasema ametoa tiba ya seli shina. Hana budi kuzipeleka kwenye maabara safi kabisa, kuzilisha na kuzizidisha kwa wiki kadhaa, kuzipima kama hazina vijidudu na kama bado ni seli zilezile, na ndipo azirudishe kwa mwenyewe. Kliniki yoyote inayodai kufanya haya lazima iweze kukutajia maabara hiyo.

Tena seli peke yake, hata zikiwa milioni nyingi, hazijengi taya. Ukizidunga ndani ya shavu hazina pa kushika, na nyingi hufa au husombwa na damu. Zinahitaji kiunzi cha kukalia, yaani kitu kigumu chenye vitundu ambacho kitashikilia umbo la mfupa mpaka mfupa wenyewe uje. Zinahitaji pia ishara ya kuziambia zijenge mfupa badala ya kugeuka kuwa mafuta au kovu. Ishara hizo zilianza kueleweka mwaka 1965, pale Marshall Urist, daktari wa mifupa huko Los Angeles, alipochukua mfupa, akauondolea madini kwa tindikali, akaupandikiza ndani ya msuli wa mnyama, na msuli ukaota mfupa mahali ambapo hapajawahi kuwa na mfupa. Kilichofanya hivyo ni protini zilizobaki ndani ya mfupa ule. Leo tunaziita kwa kifupi BMP, na baadhi yake hutengenezwa viwandani.

Halafu ipo damu. Hewa ya oksijeni hutoka kwenye kishipa chembamba cha damu na kupenya kwenye nyama inayokizunguka kwa umbali wa kati ya mikromita 100 na 200 tu, yaani unene wa unywele mmoja au miwili. Seli iliyo mbali kuliko hapo hufa kwa kukosa hewa. Vishipa vipya navyo huota polepole, chini ya milimita moja kwa siku. Sasa fikiria kipande cha sentimita 6 kilichojazwa seli shina bora kuliko zote duniani: za pembeni zitapata damu mapema, na za katikati zitakufa kabla damu haijazifikia. Hicho ndicho kikwazo kikubwa cha fani yetu hadi leo, na ndicho kinachofanya pengo dogo na pengo refu kuwa magonjwa mawili tofauti kabisa, hata kama yote mawili yanaitwa upungufu wa mfupa wa taya.

Kwa mapengo madogo tunavyo vifaa vingi. Mtu aking'oa jino, ukingo wa taya uliolishika hupungua upana kwa karibu nusu ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya kwanza. Tukitaka kuweka hapo jino la skrubu, yaani jino bandia linalofungwa ndani ya mfupa, hujaza chembechembe za mfupa. Zaweza kuwa za mgonjwa mwenyewe, zaweza kutoka kwa binadamu aliyefariki na kusafishwa katika benki ya mifupa, au zikatokana na mfupa wa ng'ombe uliochomwa na kuondolewa protini zote mpaka yakabaki madini matupu. Nyingine hutengenezwa kiwandani kwa fosfeti ya kalsiamu, ambayo ni ndugu wa madini ya mfupa wetu. Chembe hizo za ng'ombe na za kiwandani ni viunzi tu: hazina uhai, na mfupa wa mgonjwa ndio unaotambaa juu yake. Juu yake hufunikwa utando ili ufizi, unaokua haraka kuliko mfupa, usiwahi nafasi hiyo. Kwa kuwa umeniandikia kutoka Bombo, ambako Waislamu ni wengi, niseme wazi kwamba baadhi ya utando huo hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Zipo aina za ng'ombe na aina zisizotokana na mnyama, na mgonjwa ana haki kamili ya kuuliza kabla ya kulala mezani.

Zipo pia kliniki zinazovuta damu ya mgonjwa mkononi, kuizungusha kwenye mashine kwa dakika kadhaa, na kupata utando wa manjano mlaini kama utelezi wa jeli. Ni faibrini, yaani protini inayogandisha damu, iliyojaa chembe sahani za damu, ambazo hutoa ishara za uponyaji. Mimi mwenyewe huitumia. Husaidia ufizi kupona na huchanganyika vizuri na chembe za mfupa. Lakini si tiba ya seli shina, na anayeiuza kwa jina hilo anamdanganya mgonjwa, hata kama kitu chenyewe hakina madhara.

Sasa nije kwenye majaribio ya kweli, uone yamefika wapi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha jaribio la watu 24 waliong'olewa meno. Baadhi yao waliwekewa seli za uboho wao wenyewe zilizozidishwa maabara, wengine wakatibiwa kwa njia ya kawaida. Kufikia wiki ya 6 waliopewa seli walikuwa mbele kwa mfupa. Kufikia wiki ya 12 tofauti ilikuwa imepungua. Mwaka 2018 watafiti wa Bergen, Norwei, waliripoti watu 11 ambao taya lao la chini lilikuwa limekonda sana baada ya kukosa meno kwa muda mrefu. Uboho ulivutwa kwenye nyonga, ukasafirishwa hadi Ulm, Ujerumani, seli zikazidishwa kwa takriban wiki tatu, zikarudishwa, zikachanganywa na chembe za fosfeti ya kalsiamu na kuwekwa juu ya ukingo wa taya. Mfupa uliota wa kutosha kuwekea meno ya skrubu. Nalipenda sana jaribio hilo, kwa sababu liliwaepusha wagonjwa wale na mfupa kukatwa kwenye nyonga. Hata hivyo, angalia ni watu gani: taya lao lilikuwa zima kutoka sikio hadi sikio, na kilichohitajika ni kuongeza milimita kadhaa juu ya mfupa unaotoa damu. Hakuna aliyekuwa na pengo linalopitisha kidole.

Pengo refu lilijaribiwa kwa namna nyingine, na kisa hicho hunisimamisha kila ninapokisoma. Mwaka 2004 madaktari wa Kiel, Ujerumani, wakiongozwa na Patrick Warnke, waliripoti mgonjwa aliyekuwa amepoteza sehemu kubwa ya taya la chini kwa saratani. Walifuma kikapu cha titani chenye umbo la taya lake kwa kufuata picha za kompyuta, wakakijaza vipande vya madini ya mfupa wa ng'ombe, protini ya BMP na uboho wake mwenyewe, kisha badala ya kukipeleka mdomoni, wakakizika ndani ya msuli wa mgongo wake. Kilikaa hapo wiki saba, kikinywa damu ya msuli. Mfupa ukaanza kuota. Ndipo walipokitoa pamoja na msuli na mishipa yake ya damu, wakakiweka usoni na kuiunga mishipa hiyo na ya shingoni. Mtu yule, aliyekuwa akila uji na supu kwa miaka, alitafuna tena. Lakini hakuishi miaka mingi baada ya hapo, kwa sababu zisizohusiana na taya, na kikapu chenyewe kilikuwa kimeanza kuleta matatizo. Miaka mitano baadaye, mwaka 2009, madaktari wa Finlandi waliripoti kazi ya aina hiyo kwa taya la juu, wakitumia seli shina za mafuta zilizokuzwa na kufichwa ndani ya msuli wa tumbo kwa miezi minane. Tazama walichofanya wote wawili: kabla ya kuamini kwamba seli zitaishi, waliutafutia mfupa mishipa yake ya damu. Na bado walipitia visu viwili vikubwa. Hakuna mahali popote katika historia hiyo ambapo sindano ya shavuni iliotesha sentimita 6 za taya.

Ipo sababu nyingine, Mama, inayomhusu mwanao moja kwa moja, na ninaihesabu kuwa nzito kuliko zote. Protini ya BMP inayotengenezwa kiwandani iliruhusiwa Marekani mwaka 2007 kwa kuongeza mfupa wa ukingo wa taya na chini ya uwazi wa hewa ulio ndani ya taya la juu, na maelekezo yake rasmi yanakataza kuitumia mahali palipo na uvimbe au palipoondolewa uvimbe. Kitu kinachoziamuru seli zikue hakiwezi kuchagua ni zipi. Ameloblastoma si saratani kwa kawaida, lakini ina tabia ya kurudi pale chembe zake zikibakia ndani ya mfupa, na inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Ikiwa sindano ya kliniki ile ina kichocheo cha ukuaji, imekatazwa kwa mtu kama mwanao. Ikiwa haina, basi haina hata cha kuitetea. Na vidonge vya kumeza havina hoja: seli haiwezi kukaa hai ndani ya kidonge kwenye rafu ya duka, na kama ingeweza, tumbo lingeisaga kama linavyosaga nyama. Nyingi ya bidhaa hizo huandikwa zimetokana na mimea, na seli ya tunda haijui lolote kuhusu taya la binadamu.

Nimewahi kumpokea kijana aliyechomwa sindano ya aina hiyo juu ya pleti yake, katika kliniki ambayo sitaitaja. Alikuja na usaha ukitoka chini ya kidevu, skrubu mbili zikicheza, na ilitubidi tuitoe pleti yote, tumweke kwenye dawa kwa wiki nyingi, na tusubiri miezi sita kabla ya kufikiria mfupa. Fedha za kujengea taya zilikuwa zimekwisha. Ninapoandika kwa ukali kuhusu sindano hizi, ni yeye ninayemwona.

Basi mwanao ajengwe kwa nini? Kwa pengo la sentimita 6 yuko mpakani, na hilo ni jambo la kujadiliwa na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso akiwa na picha za siti skani mezani.

Njia ya kwanza ni mfupa wa nyonga. Hukatwa kwenye ukingo ule unaoushika ukiweka mkono kiunoni, ukiwa kipande kizima au chembechembe zenye uboho mwekundu unaong'aa kama mbegu za komamanga. Kanuni tunayoifuata kwa chembechembe ni mililita 10 hivi kwa kila sentimita ya pengo, kwa hiyo kwake ni mililita 60, na nyonga ya kijana wa umri wake inazo. Ndani ya chembechembe hizo seli shina zake zimo tayari, pamoja na kiunzi chake na protini zake, vyote vya mwili wake mwenyewe na bila maabara yoyote. Naomba ulitafakari hilo: upandikizaji wa mfupa wa nyonga, ambao umefanywa kwa zaidi ya miaka 100, ni tiba ya seli shina tangu zamani, isipokuwa haikuwa na jina hilo. Mfupa huu hauji na mishipa yake, hutegemea damu ya nyama inayouzunguka, na ndiyo sababu hatupendi kuutumia kwa mapengo yanayozidi sentimita 5 au 6, wala kwa mtu aliyechomwa mionzi. Kijana wako hakuchomwa mionzi, na ufizi wake umekwisha kufunga kwa miaka miwili, kwa hiyo daktari anaweza kuingia kutoka chini ya taya, kupitia ngozi ya shingoni, bila kuufungua mdomo. Mate yasipoingia, hatari ya usaha hupungua sana. Atachechemea kwa wiki mbili tatu, na mfupa utahitaji kama miezi sita kushikana.

Njia ya pili ni fibula, mfupa mwembamba ulio upande wa nje wa mguu, sambamba na muundi. Mtu huweza kutembea bila sehemu yake ya katikati, mradi zibaki sentimita 6 hadi 8 kwenye kifundo na karibu na goti. Mwaka 1989 David Hidalgo, daktari wa New York, alionyesha namna ya kuukata vipande na kuupinda ufuate mkunjo wa taya ukiwa bado na mishipa yake. Mishipa hiyo huungwa na ya shingoni chini ya darubini, kwa uzi usioonekana vizuri kwa macho matupu, na damu huanza kupita mezani hapohapo. Aliyewahi kuhamisha mgomba atanielewa: mche uliong'olewa mtupu hunyauka kwanza kabla ya kushika, na mwingine haushiki, lakini ule uliochimbwa pamoja na mizizi na bonge la udongo wake haujui hata kama umehama. Nyonga ni mche mtupu, fibula ni mche na udongo wake. Gharama yake ni saa nane hadi kumi mezani, timu mbili za madaktari, na manesi watakaoitazama rangi ya kipande hicho kila saa usiku kucha, maana mshipa ukiziba lazima arudishwe mezani mara moja. Katika mikono iliyozoea, zaidi ya tisa kati ya kumi hufaulu.

Mimi, kwa maelezo uliyonipa, ningeanza kwa kuifikiria nyonga, na ningehamia fibula kama siti skani itaonyesha kwamba pengo limezidi nilivyoambiwa, au kama ngozi ya shavu imekonda mpaka pleti inakaribia kujitokeza. Sijamgusa kijana, kwa hiyo daktari atakayemgusa ana neno kubwa kuliko langu. Mpeleke kwenye idara ya upasuaji wa kinywa na taya, hospitali ya Mulago, Kampala, na uende na karatasi ya majibu ya maabara ya ule uvimbe wa kwanza. Karatasi hiyo wengi huisahau nyumbani, nayo ndiyo inayosema uvimbe ulikuwa wa aina gani na kama kingo zilikuwa safi. Hapa Uganda tuna sababu ya pekee ya kuiheshimu karatasi ya maabara. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, alimwona mtoto aliyevimba mataya hapo Mulago, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa ambao hadi leo dunia nzima inauita kwa jina lake. Watoto wale hawakuhitaji kukatwa taya. Walihitaji dawa, na kwa wengi walioipata uvimbe ulinywea kwa siku chache. Mataya mawili yanaweza kuvimba sawasawa na yakahitaji tiba zisizokaribiana.

Usishangae daktari akitaka picha mpya kuthibitisha kwamba uvimbe haujarudi kabla ya kukubali kujenga, wala akimwambia kijana aache sigara, kama anavuta, kwa wiki kadhaa kabla na baada. Moshi hubana vile vishipa vidogo nilivyovieleza. Meno ya skrubu yatafuata baadaye, miezi minne hadi sita baada ya mfupa kushika, na hilo ni suala la fedha ambalo laweza kungoja. Shavu litakuwa limejaa tayari.

Kuhusu kliniki ile, huna haja ya kugombana na mtu. Waombe karatasi. Daktari anayetibu Uganda husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na dawa inayouzwa inapaswa kuwa na kibali cha NDA, Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Wakikuambia kwamba ni utafiti, basi utafiti wa tiba mpya kwa binadamu hapa kwetu huhitaji idhini ya kamati ya maadili, ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ya NDA pia, na utafiti wa kweli haumuuzii mshiriki kile kinachochunguzwa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2023 tuna sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo, na sheria hiyo inagusa tishu na seli pia. Seli zikitoka kwa mtu mwingine, waulize ni nani, na alikubali wapi.

Hilo linanirudisha kwenye kikopo. Seli za jino la utotoni huwa hai pale jino linapotoka likiwa bado na nyama mbichi ndani, likatumbukizwa mara moja kwenye maji maalumu na kufikishwa maabara upesi. Jino lililokauka ndani ya kikopo halina seli hai hata moja, na hata kama zingekuwepo, zingekuwa za mtoto na si za mjomba wake. Huko Napoli, Italia, madaktari waliwahi kujaza mashimo ya magego ya mwisho kwa seli za jino la mgonjwa mwenyewe, na mfupa uliota. Walipouchunguza miaka mitatu baadaye waliukuta mgumu na uliobanana, tofauti na mfupa wenye vitundu unaopaswa kuwa mahali hapo. Ni elimu inayoendelea. Meno ya mjukuu yatunze kwa ajili ya kumbukumbu yake.

Wakati mnasubiri tarehe ya kumwona daktari, lipo jambo moja ambalo kijana anaweza kulianza leo bila shilingi. Asimame mbele ya kioo, afungue mdomo, na ajaribu kuingiza vidole vyake vitatu vikiwa vimesimama kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia vyote, vizuri. Vikiingia viwili tu, misuli imeanza kukakamaa kwa kutotumika, na afanye zoezi la kufungua taratibu, asubuhi, mchana na jioni, akishikilia kwa sekunde kumi kila mara, pasipo kulazimisha penye maumivu. Aandike idadi ya vidole kwenye daftari pamoja na tarehe, na amwonyeshe daktari daftari hilo siku ya kwanza, kwa sababu mdomo usiofunguka humnyima hata mtoa dawa ya usingizi njia ya kupitisha mpira wa hewa, na upasuaji huweza kuahirishwa kwa sababu hiyo tu.